Kuku Hahukumiwi kwa Mbali

Ukifika Katoyi, mtaani Goma, ukauliza nyumba ya Mama Perpétue, watakuuliza kwanza, "Perpétue gani? Wa chakula cha kuku?" Ukiitikia, utaonyeshwa uchochoro unaopita katikati ya kuta mbili za mawe meusi ya volkano, na kabla hujafika mlangoni harufu itakuwa imekupokea: pumba za mahindi, soya iliyokaangwa, na sambaza, wale dagaa wa ziwani, waliokauka.

Kazi hiyo aliianza na sufuria moja. Kila asubuhi alishuka Kituku, ufukweni mwa ziwa, akangoja mitumbwi itue na wanawake wachague samaki wao wazuri, kisha yeye akanunua wale waliokatika, ambao hakuna mpishi aliyewataka. Aliwaanika juu ya mabati, akawatwanga, akachanganya na pumba na maganda ya mayai yaliyosagwa. Kuku waliokula mchanganyiko ule walitaga. Jirani akamwambia jirani, na baada ya miaka tisa hapakuwa na mfugaji wa Katoyi asiyemjua. Naye aliwajua wote, na kuku wao pia. Ukimwonyesha kinyesi tu angekwambia kuku wako jana alikula nini na kesho ataugua nini.

Kwa hiyo shirika la wafugaji wa mtaa lilipotangaza maonyesho ya kuku ya kwanza, watu hawakwenda kumuuliza prezida wa shirika kama jambo hilo lilikuwa jema. Walimuuliza Mama Perpétue. Naye aliwaambia, "Pelekeni. Kuku muzuri haonekane akifichwa ku kiwanja."

Neno hilo lilimgharimu.

Siku ile ya kwanza, kuku walipangwa katika uwanja mtupu tangu saa mbili asubuhi, ndani ya masanduku ya nyanya, wawiliwawili na watatuwatatu, ilimradi waingie. Ulikuwa mwezi wa saba, jua la kiangazi likiwaka na vumbi jeusi likiruka. Maji hayakuwapo. Waamuzi walisemekana watafika saa tatu. Walifika saa nane, wakitoka mezani, bado wanachokonoa meno. Walipita mbele ya masanduku mikono mgongoni. Zawadi ya kwanza wakampa jogoo mmoja mweupe wa kisasa, mnene hata miguu yake ilishindwa kumbeba, akaipokea sifa yake ameketi. Kisha ikawa vurugu ya kurudishiwa kuku. Mama mmoja alirudi nyumbani na tetea asiye wake, na wake hakumwona tena.

Hayo yote watu wangeyasamehe. Lakini mle uwanjani mtu alileta kuku aliyekuwa na kideri, na hakuna aliyesimama mlangoni kumtazama. Juma moja halikupita, vifaranga wakaanza kusinzia, majogoo wakapinda shingo. Banda baada ya banda likanyamaza. Perpétue mwenyewe alizika kuku wake wote nyuma ya nyumba, hata wale matetea wa madoadoa aliokuwa akiwaita kwa majina. Kilichomuuma zaidi hakikuwa kile kimya cha bandani kwake. Kilikuwa ni kupita uchochoroni na gunia lake la chakula kichwani na kusikia mwanamke akimwambia bila hasira, kwa uchovu tu:

"Mama Perpétue, sina tena mutu wa kula hiyo. Si weye njo ulituambia tupeleke?"

Alilishusha gunia, akaketi juu ya jiwe karibu na yule mwanamke.

Mwaka ukazunguka. Watu wa Katoyi hawakai chini wakaomboleza mpaka nyasi ziwaote. Mabanda yalianza kulia tena. Ndipo prezida wa shirika, Moïse, mtu mwenye duka la vifaa vya ujenzi huko Birere na sauti inayomtangulia, akaita mkutano na kusema maonyesho yatarudi.

Mlio ulipanda hadi kwenye mabati. "Miye sitapeleka hata unyoya!" mtu akapiga kelele. Wengine wakaanza kusimama waondoke.

Perpétue alikuwa ameketi nyuma, mikono juu ya magoti. Alisimama taratibu, na kwa kuwa hakuwa na desturi ya kusema mikutanoni, watu walinyamaza.

"Maonyesho hayakuua kuku yetu," alisema. "Ni vile yalipangwa. Mutu akipika ugali mubichi, hatuseme unga ni mubaya."

Moïse alitabasamu kama mtu aliyepata njia ya kutua mzigo. "Basi, Mama, kama unajua kupika, pika weye."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Nitapika," akasema, akaketi.

Jioni hiyo mumewe Janvier, fundi wa kujenga kuta za mawe, mtu wa maneno machache, alimtazama akitwanga sambaza kwa nguvu kuliko kawaida. "Wamekupa musalaba," akamwambia.

"Hawakunipa. Nimeuokota."

Hakuanza na uwanja wala zawadi. Alianza na miguu. Kila alipopeleka chakula aliuliza swali moja: "Nini ingekufanya ulete kuku yako?" Alitarajia watasema zawadi kubwa. Hakuna aliyetaja zawadi. Dative, mjane wa karibu na Kituku mwenye tetea wa kijivu anayetaga kama aliyeapishwa, alisema anataka maji na kivuli, "sababu hata miye singeweza kukaa pale bila maji." Mwingine akasema anataka kuambiwa saa, na saa iwe saa. Wengi walisema kuku wa kienyeji asishindanishwe na wa kisasa, kwani ni sawa na kumshindanisha mbuzi na ng'ombe kwa maziwa. Na yule mama aliyepoteza tetea wake alisema neno moja tu: "Nirudi na wangu."

Mtu wa mwisho aliyemwendea alikuwa Muzee Ntirenganya. Huyu alikuwa mchungaji wa ng'ombe katika milima ya Masisi hadi vita vilipomtoa. Ng'ombe walibaki huko, wa nani sasa hajui. Alishuka Goma kwa mguu pamoja na mkewe, na ndani ya kikapu alibeba kifaranga mmoja wa kiume, wa ukoo wa kuku aliourithi kwa baba yake. Kifaranga akawa jogoo, mwekundu kama udongo wa Masisi, mkia mweusi unaoning'inia hadi chini. Waliishi katika chumba kimoja kwa mpwa wake, mzee, mkewe na jogoo, na kideri kilipomaliza mabanda ya wengine, jogoo huyo alisalia.

Muzee alimsikiliza akimkuna jogoo nyuma ya kichwa.

"Kwetu," akasema mwishowe, "mutu akija kuangalia ng'ombe yako, anakupa mukono kwanza, kisha anashika ng'ombe. Anamupapasa mugongo, anamuangalia meno. Ndipo anasema neno lake, na hata kama ni neno mubaya, unalikubali, sababu alishika. Mwaka ule mwamuzi alipita mbele ya huyu mikono nyuma, sawa mutu anapita ku soko na hana nia ya kununua." Akainua macho. "Sitake zawadi, mama yangu. Nataka mutu amushike."

Perpétue alirudi nyumbani na neno hilo, na usingizi ukamjia kwa shida.

Tangu siku ile alikuwa mkali kama pilipili. Kuku yeyote atakayekuja, alisema, awe amechanjwa si chini ya majuma matatu kabla, na aje na karatasi ya chanjo. Janvier alisimamisha miti ya mikaratusi uwanjani na kutandaza turubai juu yake. Wavu wa vizimba ulitoka Birere juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, ukisukumwa na wanaume wawili. Janvier alipounganisha kizimba cha kwanza, mkewe alikitazama akakikataa.

"Ni kidogo."

"Kuku anaingia na nafasi inabaki."

"Kuku anaingia. Mukia je?" Akamchukua hadi kwa Muzee Ntirenganya na utepe wa kupimia. Wakampima jogoo mwekundu toka mdomoni hadi ncha ya mkia, naye akasimama kimya kama anayepimwa suti. Vizimba vyote sitini vikatengenezwa kwa kipimo chake. Katika kila kimoja walifunga kopo la nyanya lililosuguliwa, la maji, kwa waya, lisipinduliwe.

Ilibaki kumpata mwamuzi. Alimwendea dokta Émile, daktari wa mifugo, mzaliwa wa Rutshuru, kijana bado lakini mwenye mikono iliyozoea wanyama. Alikubali upesi. Ndipo akasikia masharti.

"Utafika saa moja na nusu, kabla jua halijawa kali. Utashika kila kuku. Na kila kuku utamuandikia neno lake ku karatasi, mwenyewe abaki nalo."

Émile akacheka. "Mama, kuku sitini? Hata wale watashindwa?"

"Hao njo kwanza. Mwenye kushinda ana zawadi. Mwenye kushindwa atarudi ku nyumba na nini?"

Daktari aliacha kucheka. Akachomoa kalamu, akaandika saa katika kiganja chake.

Siku ikafika. Kabla ya saa kumi na mbili na nusu Perpétue alikuwa amesimama kwenye mlango wa uwanja nyuma ya meza ndogo, kitenge kipya kiunoni, mikono imeoshwa, beseni la maji ya dawa miguuni kwa kila aingiaye kukanyaga. Foleni ilikuwa imeanza. Watu walikuja na kuku kwapani, ndani ya vikapu, ndani ya ndoo zilizofunikwa kwa kanga. Chukudu moja ilileta vizimba saba vilivyopandana kama ghorofa. Alimpokea kila kuku kwa mkono wake. Macho, pua, chini ya mabawa kutafuta utitiri, sehemu ya haja, magamba ya miguu. Akasikiliza pumzi, sikio lake karibu na kifua. Kisha namba mbili zinazofanana: moja kwenye mguu wa kuku, moja mkononi mwa mwenyewe. "Shika vizuri. Bila hii, hata kama wewe ni mama yangu, hutoki na kuku."

Waliorudishwa walikuwa watatu, kwa sababu ya utitiri na karatasi za chanjo zilizokosekana. Walinung'unika, wakaondoka.

Kisha ikaja gari. Moïse alishuka, koti la suti, pamoja na wageni wawili aliowaalika waje waone kazi ya shirika. Dereva akashusha kitunga kikubwa chenye kuku kumi na wawili, weupe, wazuri wa kutazama. Foleni ikampisha prezida mbele. Perpétue akamtoa wa kwanza, akamsikiliza, akamweka. Wa pili. Wa tatu alipomweka sikioni, uso wake ukabadilika. Alisikia mkoromo mdogo ndani, kama maji yanayochemka mbali. Akamfinya pua polepole, tone likatoka.

Akawarudisha wote watatu kitungani, akafunga kifuniko.

"Prezida, hawa hawaingii."

"Nani?"

"Wote."

Moïse aliangalia wageni wake, akacheka kidogo. "Mama, ni ule moja tu anakohoa. Hii kumi na moja iko muzima."

"Wamelala mu kitunga moja, wamekunywa maji moja."

"Weye unanifukuza miye?" Sauti ilianza kupanda. "Ku maonyesho ya shirika yangu? Nani alikupa hii kazi?"

Perpétue aliweka viganja juu ya meza. Nyuma ya Moïse aliiona sura ya yule mwanamke wa uchochoroni, aliyemwambia mwaka jana hana tena wa kula chakula chake. Mwanamke huyo alikuwa amekumbatia tetea mpya kifuani kwa mikono miwili.

"Weye sikufukuze, Prezida," akasema, kwa sauti ya chini lakini kila mtu aliisikia. "Weye ingia, kiti yako iko pale mbele. Kuku njo hawaingii. Mwaka ule hapa ku mulango hapakuwa mutu. Leo mutu iko."

Mmoja wa wageni aliinama, akakanyaga beseni la dawa kwa mguu wa kwanza, kisha wa pili, akaingia. Moïse alibaki amesimama, akimtazama mgeni wake. Halafu akamgeukia dereva. "Rudisha ku nyumba," akasema. Akanawa mikono katika ndoo, akakanyaga beseni na viatu vyake vinavyong'aa, akaenda kuketi.

Perpétue akanawa mikono kwa dawa. "Mwingine," akasema.

Saa moja na nusu Émile alikuwa amefika. Saa mbili kamili, kama ilivyotangazwa, alianza. Wenye kuku walikaa kwenye mabenchi, na pale ambapo mwaka uliopita kulikuwa na kelele kama za soko, sasa ulisikia turubai likipigwa na upepo wa ziwani na majogoo wakijibizana. Daktari alifungua kizimba, akamtoa kuku taratibu, akamlaza juu ya mkono wake, akapapasa mfupa wa kifua, akakunjua bawa moja kama anayefungua barua, akageuza mguu. Akamrudisha kichwa kikitangulia, manyoya yasivunjike. Kisha akaandika. Kuku mmoja baada ya mwingine, bila kuruka hata mmoja. Saa nne jua lilipokuwa kali, nje ya turubai ardhi nyeusi ilichoma nyayo, na chini yake kuku walikunywa maji makoponi.

Alipofikia kizimba cha jogoo mwekundu, Muzee Ntirenganya alisimama, akavua kofia. Hakujua kwa nini alivua. Émile alimchukua jogoo, akamshika muda mrefu kuliko wengine. Alipofika kwenye mguu wa kushoto alisita, akapitisha kidole juu ya ukucha wa kati, akarudia. Akaandika.

Matokeo yalisomwa saa sita. Kwa upande wa matetea wa kienyeji alishinda tetea wa kijivu wa Dative, na Dative alipiga vigelegele mpaka tetea mwenyewe akashtuka. Kwa majogoo, wa kwanza alitoka kwa mfugaji mwingine wa Katoyi. Wa pili akatajwa, na wa tatu. Jina la Muzee Ntirenganya halikutajwa.

Perpétue alianza kugawa karatasi za maneno. Alimwendea Muzee na yake, moyo mzito, akijua mzee hakuwahi kusoma shule. "Nikusomee?"

"Nisomee."

"'Jogoo wa kienyeji,'" alisoma. "'Kifua kipana, mifupa imara, macho mang'avu, hana utitiri. Umri umeanza kuonekana kwenye miguu, ndiyo sababu hakuwa wa kwanza. Ukucha wa kati, mguu wa kushoto, ulivunjika alipokuwa mdogo, ukatibiwa na mtu anayejua, ukapona umenyooka. Mbegu hii isipotee.'"

Mdomo ulimcheza mzee. Kisha akasema, "Soma tena ile ya ukucha."

Akaisoma tena.

"Alivunjika mu kikapu," Ntirenganya alisema, "siku tulipotoka. Nilimufunga na kijiti na uzi wa sketi ya muke wangu. Hakuna mutu aliyejua. Hata mupwa wangu hajue." Akamtazama Émile aliyekuwa akinawa mikono ng'ambo. "Huyu kijana ameshika." Na yule mzee, ambaye watu wa mtaa walimzoea akitembea ameinama kama anayetafuta kitu chini, alinyoosha mgongo, akavaa kofia, akaenda kumpa daktari mkono mbele ya watu wote. Walisimama pale wakizungumza juu ya kuku na ng'ombe hadi wengine wakawazunguka wasikilize. Kabla ya saa saba, wafugaji watano walikuwa wameshaomba kuleta matetea wao kwa jogoo wake.

Saa nane kuku walitoka, namba kwa namba. Perpétue alilinganisha kila mguu na kila mkono. Kuku hamsini na sita waliingia. Hamsini na sita walitoka, kila mmoja na wake. Yule mama aliyepotelewa mwaka wa kwanza alimtazama tetea wake usoni, akamgeuza, akamtazama tena, kisha akacheka peke yake.

Watu walimpongeza Perpétue, lakini yeye hakupokea. "Ngojeni," alisema. Siku zilizofuata alipeleka chakula kama kawaida, na kila alipofika kwenye banda alisimama kwanza nje akasikiliza. Siku ya nne hakuna kikohozi. Siku ya nane, hakuna. Kwa Moïse kuku wale kumi na wawili walikuwa wameugua, saba wakafa, na yeye mwenyewe ndiye aliyemweleza, alipokuja mpaka uchochoroni kwake kwa miguu, bila koti.

"Kama wangeingia," alisema, akamalizia kwa kutikisa kichwa.

"Hawakuingia," Perpétue akasema, akamletea kiti.

Juma la tatu lilipokwisha na mabanda yote ya Katoyi bado yanalia, alikubali pongezi. Jumapili hiyo alivaa kitenge kile kile cha siku ya maonyesho, akaenda kanisani, na baada ya ibada watu walimsimamisha mara nyingi hata Janvier akachoka kungoja. Wanawake wawili wa mtaa mwingine walikuwa wamekuja wakitaka kujua jinsi ya kupanga maonyesho kwao. Walimuuliza kipi ni cha kwanza: zawadi, uwanja, au waamuzi?

"Kwanza mutatembea," Mama Perpétue akawaambia. "Nyumba kwa nyumba. Mutauliza watu, na mutanyamaza mpaka wamalize kusema."

Aliwaeleza yote pale pale nje ya kanisa, kizimba, kopo, beseni, namba, kwa sauti ambayo mumewe hakuwahi kuisikia ikipanda kiasi hicho mbele za watu. Janvier alijiegemeza ukutani akasikiliza hadi mwisho, na alipoulizwa na mpita njia ni nani huyo mama anayefundisha, alijibu kabla mtu hajamaliza swali:

"Ni bibi yangu."